Jibu Lililobaki Kwenye Mashine ya Zamani

Mkokoteni wa machungwa ya Muheza ulivunjika gurudumu katikati ya Barabara ya Nane, pale Ngamiani, Jumatatu asubuhi, saa ambayo kila mtu ana haraka yake. Machungwa yakatapakaa. Bajaji zikapiga honi, wenye baiskeli wakateremka, kinamama wenye vikapu wakaanza kumsema mwenye mkokoteni kana kwamba gurudumu kalivunja makusudi. Shamsiya binti Himyar hakuteremka. Alivaa baibui lenye nakshi za fedha mikononi na ushungi wa rangi ya samli, na alikuwa amechelewa kazini. Akapenya huku, akapenya kule, mara gurudumu lake la mbele likamgonga kijana aliyesimama amekumbatia boksi kubwa kifuani. Boksi likaponyoka, akaliwahi kwa magoti.

"We dada! Huna breki?"

"Ninazo. Wewe ndiye huna macho. Umesimama njiani kama nguzo ya umeme."

"Nimesimama kwa sababu njia imefungwa!"

"Mbona mimi napita?"

"Unapita juu yangu!"

Kijana akaligeuza boksi, akalikagua pembe zote nne, akaliwekea sikio kama daktari. "Hiki kilichomo humu kingeanguka, ofisi nzima ya watu isingeandika wala isingesoma barua."

"Basi ungekipakia bajaji."

"Bajaji ndizo hizo, zimekwama mbele yako."

Shamsiya alitaka kukasirika zaidi, kicheko kikamtoka. Kijana naye alikuwa wa kutazamika: shati la bluu lililopigwa pasi ikashika, ndevu chache zilizochongwa vizuri, masikio makubwa kidogo.

"Unacheka? Ungelipasua ungecheka?"

"Ningekimbia," Shamsiya akasema, akakanyaga pedali za baiskeli yake akaondoka.

Hakukimbia mbali. Alikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa mizigo huko Raskazone, ndani ya nyumba ya zamani yenye kuta nene na madirisha ya kutazama bahari. Hajamaliza kufungua kompyuta yake, mlango ukasukumwa kwa boksi, na nyuma ya boksi yakatokeza masikio yale yale.

"Huyu ndiye fundi wetu, anaitwa Sabiri," akasema bosi wao Bi Ruthi, mama wa Kibondei mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Atakuwa nasi wiki tatu. Shamsiya, mbona unajificha nyuma ya faili?"

"Tumeshaonana, bosi," Sabiri akasema. "Ana breki lakini hazitumii."

Kazi aliyoitiwa ilikuwa hii. Kila ofisi yenye kompyuta nyingi ina mashine moja inayokaa kama mlinzi wa getini. Inamjua kila mfanyakazi kwa jina na nenosiri lake, na isipokujua huingii. Wenyewe mafundi huiita domeni kontrola. Ya ofisi ile ilikuwa imezeeka, inazimika yenyewe mchana kweupe. Sabiri alileta mpya, ndiyo ile ya kwenye boksi. Lakini seva ya barua pepe, yaani sanduku kubwa zinamopita barua zote za ofisi, ilikuwa imeshikamana na mlinzi yule mzee. Ilibidi sanduku nalo lihamie kwa mlinzi mpya, barua zinakiliwe zote, kisha kila kompyuta iendewe mezani pake ifundishwe kwamba nyumba imehama.

"Na ukikosea?" Shamsiya alimuuliza siku ya pili.

"Mimi sikosei."

Mabinti, kijana akikwambia hakosei, andika pembeni tarehe.

Wiki tatu ni nyingi kwa watu wawili walio kwenye chumba kimoja. Ya kwanza walitaniana. Ya pili Sabiri alijua Shamsiya anakunywa chai ya tangawizi isiyo na maziwa, naye Shamsiya alijua Sabiri kwao Pangani, ana mama mpole na baba mkali. Simu zikaanza.

"Umefika nyumbani, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako? Mimi nina jina."

"Umefika nyumbani, Shamsiya mpenzi?"

"Nimefika. Kata, mama yuko hapa."

"Mwambie ni fundi."

"Fundi gani anapiga saa kumi na mbili kuuliza kama nimekula?"

Bi Mwanasiti, mamake, alikuwa anapepeta mchele pale pale. Alisikia kila kitu, akanyamaza. Na hilo nalo lina makosa yake.

Shamsiya alikuwa na neno moja tu kwa Sabiri, na alilisema mara nyingi: lete posa. Sabiri naye alikuwa na jibu moja: "Nikimaliza kazi hii, Jumapili mzee wangu anavaa kanzu anakuja kwenu." Jumapili ikaja, ikapita. Kijana alitaka kwanza amalize, alipwe sifa zake, aende kwa wakwe kifua mbele. Akaona muda upo.

Muda haukuwepo. Siku ya Jumatano ya wiki ya tatu, barua ya baba ikaingia.

Mzee Himyar alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, na akiwa baharini simu haimpati mwezi mzima. Njia yake pekee ilikuwa barua pepe ya meli, inayofunguliwa asubuhi na jioni chumbani kwa nahodha. Hata hiyo haipokei kutoka kwa kila mtu: kila baharia ameandikisha anwani zake chache, nyingine zote hurudishwa. Himyar aliandikisha ya nduguye Tahiri na ya ofisini kwa bintiye. Basi.

"Mwanangu Shamsiya," aliandika, "Qais, mtoto wa binamu yangu wa Maskati, amefika Tanga, amekuposa. Ni kijana wa dini na kazi. Ami yako Tahiri ndiye wakili wangu. Kama humtaki, niandikie kabla ya magharibi ya Ijumaa, sitakulazimisha. Ukinyamaza nitajua umeridhia, nitamwambia Tahiri aendelee."

Wageni wasione ajabu. Kwetu pwani, mwali akiulizwa habari za mume hategemewi kusema ndiyo, maana ataonekana mkavu wa macho. Hunyamaza, na wazee wakamshukuru Mungu, wakaendelea. Neno la kusema ni moja tu, nalo ni la kukataa.

Alhamisi asubuhi alimwambia Sabiri. Sabiri akaacha kunywa chai.

"Huyo Qais yukoje?"

"Sijui. Ana gari, wanasema."

"Utamjibuje baba?"

"Wewe unafikiri nitamjibuje? Ungeleta posa Jumapili iliyopita, baba angekuwa na la kumjibu Qais mwenyewe."

"Shamsiya, nakuuliza. Utamjibuje?"

"Usiniulize kama hakimu. Nitaandika nimekataa, leo hii."

Na aliandika. Saa tisa alasiri, kwanza alituma barua ya ofisi kwa wakala wa meli juu ya kontena la mteja, kisha akavuta pumzi akaandika nyingine: "Baba, shikamoo. Huyo sikumridhia. Yuko mwingine, jina lake nitakwambia ukirudi. Nisamehe. Mwanao." Akabonyeza. Kompyuta ikamwambia imetumwa. Akaenda zake nyumbani moyo mweupe.

Jumamosi Sabiri alikuja mezani kwake na kompyuta yake ikawa ya mwisho kuhamishwa, akakaa naye asubuhi nzima. Lakini siku ile hakutania sana. Jioni akaizima mashine ya zamani, akaifungia stoo.

Jumapili baada ya adhuhuri Ami Tahiri aliingia nyumbani kwao Ngamiani na kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho, nyuma yake wanawake watatu wenye sinia la maua na udi.

"Hongera, Shamsiya! Baba yako ameniandikia leo. Amesema amekusubiri mpaka magharibi ya Ijumaa, umenyamaza, kwa hiyo umeridhia. Nimeshawajibu kina Qais. Ndoa ni Ijumaa hii baada ya sala, kijana anawahi kurudi Maskati."

"Ami, mimi sikunyamaza!"

"Eti nini?"

"Niliandika. Alhamisi. Nilimwandikia baba kwamba simtaki!"

Ami Tahiri akamtazama Bi Mwanasiti. "Mtoto huyu vipi? Baba yake anasema hakupata hata herufi."

"Mama, niliandika wallahi!"

"Hizo ni hofu za harusi," Ami akasema, akawageukia wanawake. "Wote huwa hivyo. Mwekeni ndani, asitoke tena mpaka siku yake."

"Mama, kwa nini hukuniuliza?" Shamsiya akapiga kelele walipobaki wawili. "Uko nami nyumba moja! Unalala chumba cha pili!"

"Baba yako ameshakuuliza. Mimi nikuulize tena ili nini, uone nakusukuma? Nilikuonea haya, mwanangu."

"Haya zenu zitaniua!"

Akajifungia, akampigia Sabiri.

"Posa ya Qais imekubaliwa. Baba hakuipata barua yangu. Hebu angalia kwenye hiyo seva yako."

Sabiri akajibu kwa sauti ambayo Shamsiya hajapata kuisikia. "Nimeshaangalia. Jana. Hakuna barua, Shamsiya. Zilizotumwa zinaishia Jumatano. Hukumwandikia baba yako kitu."

"Umeangalia wapi?"

"Sandukuni kwako."

"Sandukuni kwangu! Nani alikuruhusu?"

"Mimi ndiye ninayehamisha, funguo zote ninazo mimi."

"Kuwa na ufunguo wa nyumba ya watu ndiyo kuingia chumbani? Umesoma barua zangu, Sabiri?"

"Usigeuze maneno! Ulinidanganya. Uliona gari la Maskati ukanyamaza, sasa unataka mimi nionekane mbaya!"

"Mimi muongo?"

"Mashine haidanganyi."

"Basi kaoe mashine!"

Akakata. Akaizuia namba yake hapo hapo. Na hapo ndipo hasira ilipomharibia, maana Sabiri ndiye mtu pekee aliyeweza kuifikia anwani ile ya ofisini. Bi Ruthi alikuwa safarini Dar es Salaam, hana namna ya kuifikia. Simu ya Shamsiya ilikuwa haijaunganishwa na seva mpya. Alimwandikia babake kwa anwani yake binafsi mara tatu, meli ikazirudisha zote tatu. Alimwomba Ami Tahiri amwandikie, Ami akasema "Nitaandika, nitaandika," akaenda kuulizia bei ya mbuzi.

Siku zikaenda. Jumatatu wakaja wapambaji. Jumanne wakaja mashangazi kutoka Usagara, na midomo yao. Jumatano Shamsiya hakula. Alikuwa na hasira na babake aliyeamini kimya, na Ami anayevaa kanzu kila siku kama anaoa yeye, na mamake anayelia jikoni akisingizia vitunguu. Lakini hasira kubwa kuliko zote ilikuwa ya yule mwenye masikio, kwa sababu wengine walimkosea bila kumjua, yeye alimjua.

Alhamisi saa tano simu ikalia. Bi Ruthi, amerudi safari.

"Shamsiya, hongera na samahani kwa kukusumbua mwali. Ile barua ya kontena uliyomwandikia wakala, uliituma lini? Mteja ananipigia kelele tangu asubuhi, wakala anaapa hajaiona."

"Alhamisi iliyopita, bosi. Saa tisa."

"Haipo. Nimemwita fundi tena, nimemsimamisha hapa mbele yangu, anaitafuta hana jibu."

Shamsiya akakaa kitandani. "Bosi, hapo ofisini kuna barua nyingine ya wiki ile iliyopotea? Ya mtu mwingine?"

"Hakuna. Za wenzako wote zimefika."

"Ni zangu tu. Na ya baba ilikuwa saa hiyo hiyo." Akasimama. "Bosi, weka simu iwe ya sauti. Huyo fundi anisikie."

"Anakusikia."

"Sabiri. Alhamisi ile saa tisa, kompyuta yangu ilikuwa imeungwa na mashine ipi?"

Bi Ruthi akamhimiza fundi: "Umeulizwa!"

"Ya zamani," Sabiri akasema polepole. "Za wengine nilizihamisha Jumatano na Alhamisi asubuhi. Yako nikaiacha."

"Na ya zamani ilikuwa na njia ya kutoa barua nje?"

"Niliifunga Alhamisi mchana. Barua ingeingia kwenye foleni, ikakaa. Na nakala za sanduku lako nilizichukua Jumatano usiku, baada ya hapo sikuchukua kitu. Yarabi. Zimekaa."

"Nenda stoo," Shamsiya akasema. "Nenda saa hii."

Shamsiya akamsikia anakimbia. Akasikia mlango wa stoo, meza ikiburutwa, feni ya mashine ikianza kunguruma kama mzee mwenye kifua. Bi Ruthi alikuwa ameshika simu anamfuata nyuma. Zikapita dakika kumi.

"Ziko mbili," Sabiri akasema. "Moja ya wakala. Moja ya baba yako. Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini."

"Umeisoma?"

"Sikuifungua. Naona tarehe na anwani tu. Safari hii sikuifungua."

"Safari hii!"

"Shamsiya, nisamehe. Uliandika kweli."

"Nilikwambia niliandika. Uliiamini mashine. Sasa nijibu jingine: kwa nini kompyuta yangu uliiacha ya mwisho? Meza yangu ndiyo ya kwanza ukiingia mlangoni!"

Sabiri akakohoa. Bi Ruthi alikuwa pale.

"Sema, kijana," Bi Ruthi akasema. "Na mimi nataka kujua, maana ni kontena langu."

"Nilitaka nipate sababu ya kukaa naye Jumamosi asubuhi nzima, watu wakiwa wachache."

Kidogo Shamsiya acheke. Akaukaza uso ingawa hakuna aliyemwona. Kijana yule alitaka saa nne za kukaa karibu naye, na kwa saa nne hizo alikuwa amemwozesha kwa mtu mwingine kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikifungua njia itaondoka sasa hivi," Sabiri akasema. "Jioni nahodha akifungua, ataipata. Nifungue?"

"Fungua iende."

Ijumaa asubuhi nyumba ilijaa. Pilau linatokota uani, mashangazi wamefunga leso mpya, udi umetanda hadi barabarani. Shamsiya alikuwa amekaa mkekani mikono yake miwili imejaa hina mbichi. Simu ikalia, mamake akaishika akamwekea sikioni. Alikuwa Bi Ruthi.

"Mimi siku hizi nimekuwa mshenga," akasema. "Fundi ana neno, nawe umemfungia simu. Ongeeni, nasikiliza."

"Shamsiya, kuna barua kutoka kwa baba yako," Sabiri akasema. "Imeingia alfajiri. Iko kwenye sanduku lako, sijaigusa. Nifanye nini?"

Akaitazama mikono yake. Akamtazama mamake.

"Ifungue," akasema. "Nimekuruhusu. Nisomee, na mama asikie."

Sabiri akasoma, polepole kama mtu anayesoma msikitini mara ya kwanza.

"'Mwanangu. Barua yako nimeipata jana jioni na ina tarehe ya Alhamisi iliyopita. Wiki ile nilikwenda kwa nahodha mara tano kuiulizia mpaka wenzangu wakanicheka. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Nimemwandikia Tahiri asimamishe mambo. Kama hakusimamisha, watakuja kukuuliza kwa jina langu. Jibu kwa sauti, mimi baba yako nimekuruhusu. Na huyo mwingine uliyemtaja…'"

Hapo akakwama.

"Endelea," Shamsiya akasema.

"'Na huyo mwingine uliyemtaja, mwambie nikirudi nautaka uso wake barazani kwangu. Na aje na sababu ya kwa nini Qais alimtangulia.'"

Bi Mwanasiti akaiondoa simu taratibu. "Huyo mwingine ndiye huyu anayesoma?"

"Ndiye, mama."

"Nilijua. Tangu ile siku ya mchele nilijua. Nikanyamaza, mjinga mimi." Akajifunga leso kiunoni, akatoka barazani kwa kishindo. Ndani wakamsikia.

"Tahiri! Himyar amekuandikia?"

"Shemeji, si mahali pake, wageni…"

"Amekuandikia, hajakuandikia?"

"Simu yangu sijaifungua tangu jana. Neno la Himyar nililonalo ni la Jumapili. Watu wanakwenda msikitini hao, wakitoka wanakuja! Unataka nisimame wapi mimi?"

"Basi ifungue sasa!"

Hakuifungua. Mtu asiyetaka kujua ana njia nyingi.

Baada ya sala wageni wakaingia, shekhe akaketi, Qais akaketi na joho lake jeusi la ukingo wa dhahabu. Ami Tahiri na mashahidi wawili wakaja ndani kwa wanawake kama ada ilivyo. Mwali alikuwa amefunikwa kanga ya kijani, mashangazi wamemzunguka. Ami akakohoa.

"Shamsiya binti Himyar, kwa uwakili wa baba yako nakuuliza mbele ya mashahidi hawa. Umemridhia Qais bin Abdulghani awe mumeo?"

Chumba kikatulia. Shangazi mmoja wa Usagara akaanza haraka, "Ameona haya mtoto, amerid…"

"Sikumridhia."

Kanga ikafunuliwa. Hina ikadondoka kwenye mkeka.

"Umesemaje?" Ami Tahiri akauliza.

"Nimesema sikumridhia, Ami. Nilisema Alhamisi, nikasema Jumapili mbele yako, leo ni mara ya tatu. Mashahidi, nyinyi mmesikia? Rudini mkamwambie shekhe mlichosikia, msiongeze wala msipunguze."

Mashahidi wakatazamana. Mmoja, mzee wa watu, akasema, "Tumesikia, binti." Akatoka.

Mliofikiri alishangiliwa, hamjui Ngamiani. Alitukanwa. Ndugu wa Qais walisukuma masinia, bibi mmoja akalia kwamba wametiwa aibu nchi ya ugenini, Ami Tahiri akaapa hatakanyaga tena nyumba ile. Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Qais alisimama mlangoni, joho mkononi, akasema kwa sauti ya kumfikia Shamsiya: "Mimi niliambiwa ameridhia. Ningeruhusiwa kumuuliza mwenyewe, nisingefika hapa." Akaenda zake, naye alikuwa amedhulumiwa, tusimsahau. Pilau liligawiwa majirani, wakalila huku wanasengenya.

Siku tisa Shamsiya hakumfungulia Sabiri simu. Alirudi kazini, fundi naye akaongezewa muda arekebishe alichoharibu, wakakaa chumba kimoja hawasemeshani. Siku ya kumi Shamsiya akamwendea mezani kwake.

"Ulisoma barua zangu ngapi ile Jumamosi?"

"Mbili."

"Zipi?"

"Ile ya baba yako ya Jumatano. Na moja uliyomwandikia shoga yako Maha."

"Ya nini hiyo?"

"Uliyomwambia masikio yangu yangefaa kupepetea mchele."

Shamsiya akafunika mdomo. Akakasirika tena kwa sababu amecheka. "Umestahili!"

"Nimestahili."

"Sabiri, nilikupenda na nilikuambia ukweli, wewe ukaenda kunipekua kama askari wa forodha. Kosa la kuacha kompyuta yangu mwisho nimelisamehe, lilikuwa la mapenzi. Hili la kupekua sijalisamehe. Silioni likiisha wiki hii wala mwezi huu."

"Nitangoja liishe."

"Ngoja. Lakini usingoje kuleta posa."

Mwezi uliofuata mzee Himyar akashuka melini. Siku ya pili tu, hajatua vizuri, mzee Kombo wa Pangani, baba yake Sabiri, akafika barazani na kanzu yake na barua ya posa mkononi, Sabiri nyuma yake kainamisha kichwa. Himyar akaipokea barua. Akamtazama kijana kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyemtanguliza Qais?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sababu?"

"Sina, mzee. Nilijiona muda ninao."

Himyar akaguna, akaingia ndani. Alimkuta bintiye amesimama nyuma ya pazia, hakujificha hata.

"Shamsiya, sitaki kimya tena katika nyumba hii. Kimenitosha. Kijana huyu umemridhia?"

"Nimemridhia, baba!" Akasema kwa sauti iliyofika barazani na kuvuka. "Lakini nina hasira naye bado, na hasira zangu sizifichi!"

Himyar akacheka mpaka akajishika ukuta. Akarudi barazani, akakaa, akajifuta macho kwa upindo wa shuka.

"Mzee Kombo," akasema, "mpe mwanao majibu. Amekubaliwa, na amekasirikiwa."

Sabiri akainua kichwa. "Nimeyapokea yote mawili," akasema.